Kutoka Ulyankulu hadi Aboke: Magazeti na jina la aliyetekwa

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Agosti 1871, kikosi cha Waarabu wa Tabora pamoja na washirika wao kiliivamia ngome ya Ulyankulu, iliyokuwa chini ya Mtemi Mirambo, kikaiteka na kuondoka na nyara. Kikosi hicho hakikufika mbali. Wapiganaji wa Mirambo walikivizia njiani na kuwaua wengi, akiwemo kiongozi wake kijana, Soud bin Sayd. Aliyeiandikia dunia habari hizo ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, ambaye wakati huo alikuwa akisubiri njia ya Ujiji ifunguke ili akamtafute Dkt. David Livingstone. Katika kitabu alichokichapisha mwaka uliofuata, Stanley alizitaja nyara za Ulyankulu kwa mpangilio huu: zaidi ya pembe 100 za ndovu, marobota 60 ya nguo, na watumwa 200 au 300. Baada ya hapo simulizi inaendelea na vita.

Asubuhi ya siku ile watu hao walikuwa wakazi wa Ulyankulu, wenye majina, ndugu na mashamba yao. Kabla ya jua kutua walikwishaitwa watumwa, na mwandishi akalipokea neno hilo kama alivyolipata kwa waliowakamata. Marobota ya nguo yamepewa hesabu kamili, ilhali binadamu 100 wamepotea ndani ya neno moja dogo, “au”.

Habari ya Ulyankulu inastahili kusomwa upya leo kwa sababu ni miongoni mwa taarifa za mwanzo kabisa za utekaji wa watu wengi zilizoandikwa na mwandishi wa gazeti kutoka eneo ambalo sasa ni Tanzania, na kwa sababu kasoro iliyomo ndani yake haijaondoka katika vyumba vya habari. Magazeti yanaporipoti kutekwa kwa wanafunzi, wanakijiji au wakimbizi katika maeneo ya vita, mara nyingi huazima mambo mawili kutoka kwa yule aliyeshika silaha, au kutoka kwa yule aliyewahi kusimama mbele ya vipaza sauti: jina la kumwita aliyetekwa, na idadi ya waliotekwa. Mambo hayo mawili ndiyo huamua nani atatafutwa na nani atasahauliwa.

Kwa mkoa wa Tabora suala hili si la mbali. Ulyankulu hiyo hiyo ilipokea maelfu ya wakimbizi waliokimbia mauaji nchini Burundi mwaka 1972, na ikawa moja ya makazi matatu makubwa pamoja na Katumba na Mishamo. Zaidi ya wakazi 162,000 wa makazi hayo walipewa uraia wa Tanzania. Katika mkoa jirani wa Kigoma, kambi ya Nyarugusu imewahifadhi wakimbizi kutoka mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu mwaka 1996. Aidha, familia za Kitanzania zina sababu yao ya kufuatilia habari za Kivu Kaskazini: usiku wa Desemba 7, 2017, walinda amani 15 wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania waliuawa katika shambulio dhidi ya kituo chao cha Semuliki, eneo ambalo waasi wa kundi la ADF wamekuwa wakiua na kuteka raia kwa miaka mingi. Taarifa ya redio kwamba watu wametekwa Beni au Ituri humfikia msikilizaji wa magharibi mwa nchi ikiwa habari ya ndugu au ya jirani.

Stanley hakuwa shahidi wa kando. Waarabu wa Tabora walipokata shauri la kumpiga Mirambo, mwandishi huyo alijiunga nao akiwa na walinzi wake wenye bunduki, kwa hesabu kwamba ushindi ungemfungulia njia ya Ujiji. Baada ya maafa ya Ulyankulu jeshi hilo lilitawanyika, na baadaye mwezi huo huo Mirambo aliushambulia mji wa Tabora wenyewe. Barua ambazo Stanley alilipelekea gazeti lake kutoka Kwihara ziliandikwa, kwa hiyo, na mtu aliyekuwa upande mmoja wa vita. Si ajabu kwamba Mirambo anaonekana ndani ya maandishi yake kwanza kama jambazi wa barabarani, ingawa baadaye Stanley huyo huyo alimlinganisha na Bonaparte wa Ufaransa. Pia si ajabu kwamba waliokamatwa na upande aliokuwa nao hawakumshughulisha.

Hata hivyo, kutoka Kwihara hiyo hiyo ndiko zilikopita habari za aina nyingine kabisa. Februari 1872, Stanley na Livingstone walifika katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambalo leo ni makumbusho. Machi 14 mwaka huo Stanley aliondoka kuelekea pwani akiwa amebeba barua za Livingstone pamoja na daftari kubwa la kumbukumbu zake, ambalo watafiti hadi leo huliita daftari la Unyanyembe. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya mauaji ya Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ya Julai 15, 1871. Siku hiyo watu wenye bunduki waliingia katika soko lililojaa, wengi wao wakiwa wanawake waliokuja kuuza vyakula, wakaanza kufyatua risasi. Waliouawa kwa risasi na waliozama mtoni walikadiriwa na wafanyabiashara wenyewe kuwa kati ya 330 na 400. Vijiji vya ng'ambo vilichomwa moto na watu wakachukuliwa mateka.

Barua za Livingstone zilichapishwa katika New York Herald mwezi Julai 1872 na kuenea katika magazeti ya Uingereza. Msukumo wa wananchi ulioibuka ulichangia serikali ya Uingereza kumtuma Sir Bartle Frere Zanzibar, na Juni 5, 1873, Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kuzuia usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la watumwa Zanzibar. Ni nadra kuipata taarifa ya gazeti iliyozaa matokeo makubwa kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo.

Lakini karatasi zenyewe za Nyangwe zina somo la ziada. Livingstone alikuwa ameishiwa na karatasi pamoja na wino. Alichofanya ni kuchukua nakala ya zamani ya gazeti la The Standard la London, toleo la Novemba 1869, akaandika juu ya maandishi yaliyochapishwa kwa wino alioutengeneza kwa mbegu za mmea. Wino huo ulififia kiasi cha kutosomeka kwa zaidi ya karne moja, hadi mwaka 2011 ambapo watafiti waliupiga picha kwa mwanga wa aina mbalimbali na kuyatenganisha maandishi ya mkono na yale ya gazeti. Walipolinganisha kumbukumbu hizo za papo hapo na maelezo yaliyosafishwa baadaye katika daftari la Unyanyembe, waligundua tofauti. Habari iliyosomwa na dunia ilikuwa imepangwa upya. Mashaka ya mwandishi kuhusu mwenendo wa baadhi ya watu wa msafara wake mwenyewe yalikuwa yamepunguzwa makali.

Haifuati kutokana na hilo kwamba mauaji ya Nyangwe hayakutokea. Yalitokea. Linalojitokeza ni kwamba hata ushahidi wa kweli kabisa hupoteza baadhi ya vipande vyake njiani kati ya mahali pa tukio na ukurasa wa kwanza, na vipande hivyo kwa kawaida ni vile vinavyomgusa msimulizi. Hasara nyingine ilikuwa kwa Unyamwezi yote. Kwa miongo mingi baada ya barua hizo, wasomaji wa Ulaya na Marekani waliiona njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji kuwa njia ya minyororo tu, ilhali sehemu kubwa ya watu walioipita walikuwa wapagazi huru wa Kinyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, wakajadiliana malipo yao na hata kugoma walipodhulumiwa. Picha moja kali iliwafuta watu hao.

Miaka 125 baada ya Ulyankulu, jambo linalofanana nalo liliripotiwa kaskazini mwa Uganda. Usiku wa kuamkia Oktoba 10, 1996, waasi wa kundi la LRA linaloongozwa na Joseph Kony walivunja mabweni ya shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakawachukua wanafunzi 139. Naibu mkuu wa shule hiyo, Sista Rachele Fassera kutoka Italia, aliwafuata porini akiwa na mwalimu mmoja wa kiume. Aliwapata, akawasihi waasi, na akarudi na wasichana 109. Waliobaki mikononi mwa LRA walikuwa 30.

Habari ya Aboke ilizunguka dunia. Ilikuwa na kila kitu ambacho mhariri hukitafuta: shule yenye jina, idadi kamili, mtawa jasiri, na wazazi waliokuwa tayari kuzungumza. Wazazi hao waliunda chama chao, na mmoja wa waanzilishi wake, Bi. Angelina Atyam, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa wale 30, alipata Tuzo ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1998. Jambo la kuheshimika katika chama hicho ni kwamba hakikudai wasichana wa Aboke peke yao. Kiliendelea kusema kwamba watoto wote waliotekwa katika vijiji vya Acholi na Lango ni watoto wake, jambo ambalo magazeti mengi yalichelewa kulielewa. Katika vita hivyo watoto waliotekwa walizidi 20,000, na walio wengi walichukuliwa wawili watatu kutoka nyumba za nyasi ambazo hazikuwa na orodha ya mahudhurio ya kumpa mwandishi.

Tofauti hiyo ilionekana waziwazi zaidi mwezi Desemba 2009. Kundi hilo hilo la LRA lilipita katika vijiji vya eneo la Makombo, kaskazini mashariki mwa Kongo, kwa muda wa siku nne. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 321 waliouawa na zaidi ya 250 waliotekwa, wakiwemo watoto wasiopungua 80. Dunia ilipata habari hizo mwishoni mwa Machi 2010, miezi mitatu baadaye. Makombo haikuwa na shule ya bweni wala mtawa wa kigeni, na mawasiliano ya kuutoa ujumbe yalikuwa haba mno. Idadi ya waliotekwa ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya Aboke.

Pamoja na idadi, lipo suala la jina. Kwa miaka mingi, taarifa za vita vya kaskazini mwa Uganda ziliwaita wasichana waliogawiwa makamanda “wake” wa makamanda hao. Neno hilo lilikuwa la Kony. Magazeti yalilinakili, wakati mwingine likiwa ndani ya alama za kunukuu na mara nyingi bila alama hizo, na msomaji akabaki na taswira ya ndoa mahali ambapo palikuwa na mateka. Vivyo hivyo kwa wavulana. Mtoto aliyechukuliwa shambani akiwa na umri wa miaka 11 aliitwa mateka kwa wiki chache, kisha akapewa bunduki, na tangu siku hiyo gazeti likamwita mwasi. Taarifa za kijeshi ziliposema kwamba waasi kadhaa wameuawa katika mapambano, wazazi wa Gulu na Lira walisoma mistari hiyo wakijua kwamba huenda mtoto wao yumo katika hesabu ya adui.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ililazimika kulikabili jambo hilo katika shauri la Dominic Ongwen. Yeye mwenyewe alitekwa na LRA akiwa mtoto, akienda shule, kisha akapanda cheo hadi kuwa kamanda. Februari 4, 2021, alitiwa hatiani kwa makosa 61, likiwemo la ndoa ya kulazimishwa, na Mei mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Majaji walikubali kwamba kutekwa kwake utotoni ni jambo la kuzingatiwa katika adhabu, lakini si la kumfutia kosa. Hukumu hiyo ilihitaji kurasa zaidi ya 1,000. Safu ya gazeti haina nafasi hiyo, na hapo ndipo neno moja lililochaguliwa kwa haraka linapobeba uzito usio wake.

Upande wa taarifa rasmi nao una wajibu wake, na mfano wa wazi ni wa Nigeria. Usiku wa Aprili 14, 2014, kundi la Boko Haram liliwateka wasichana 276 katika shule ya sekondari ya serikali ya Chibok, jimbo la Borno. Siku mbili baadaye makao makuu ya jeshi yalitangaza kwamba karibu wote wameokolewa na kwamba waliobaki ni 8 tu. Magazeti yaliichapisha taarifa hiyo. Mkuu wa shule na wazazi waliikanusha, na jeshi likalazimika kuifuta muda mfupi baadaye. Wasichana 57 walikuwa wametoroka kwa juhudi zao wenyewe. Wengine wote walikuwa bado porini. Katika siku ambazo nyayo za malori zilikuwa bado mbichi, wananchi walikuwa wakibishana juu ya hesabu. Baadaye, kila idadi iliyotolewa na msemaji wa serikali ilipokelewa kwa shaka, hata pale ilipokuwa sahihi.

Kampeni ya kimataifa iliyofuata nayo haikusalimika. Mojawapo ya picha za wasichana zilizosambazwa sana mwezi Mei 2014, zikiambatana na wito wa kuwarejesha wanafunzi wa Chibok, ilikuwa ya msichana wa Guinea-Bissau, nchi nyingine kabisa, iliyopigwa miaka kadhaa kabla katika mazingira ya amani na isiyohusiana na utekaji wowote. Walioisambaza walikuwa na nia njema. Aliyetekwa alikuwa amekwisha kuwa sura tu, na sura yoyote ilionekana kufaa. Miezi michache baadaye, Novemba 2014, Boko Haram waliteka watoto wa shule ya msingi zaidi ya 300 katika mji wa Damasak, jimbo hilo hilo la Borno. Hapakuwa na kampeni, na wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kulisikia jina la mji huo.

Ni kweli kwamba vyombo vya ulinzi haviwezi kueleza kila kinachofanyika wakati operesheni ya uokoaji inaendelea. Njia wanayopita askari, mazungumzo yanayofanyika na kiasi cha fidia kinachodaiwa ni mambo ambayo yakichapishwa mapema yanaweza kumgharimu mateka maisha. Msemaji anayesema “jambo hilo hatutalieleza kwa sasa” anatoa taarifa ya kweli. Hali ni nyingine kwa anayetaja idadi asiyoithibitisha ili kutuliza hofu. Ukimya wenye sababu hueleweka baadaye, lakini idadi ya uongo hubaki katika kumbukumbu za wazazi. Kwa upande wa magazeti, sababu zile zile za usalama zinawataka wahariri wafikirie mara mbili kabla ya kuchapisha jina na sura ya mtoto ambaye bado yuko mikononi mwa watekaji, au aliyerudi na bado hajapata pa kusimama katika jamii yake.

Shambulio la Juni 16, 2023 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, mji wa mpakani wa Mpondwe, lilionyesha kwamba hesabu inaweza kutolewa kwa uangalifu hata katika taharuki. Waasi wa ADF waliwaua wanafunzi 37 pamoja na watu wengine, wakawachukua baadhi kuwabebesha chakula walichokipora, na kuelekea hifadhi ya Virunga upande wa Kongo. Taarifa za awali za Polisi ya Uganda zilitaja miili 25 iliyopatikana. Baadaye idadi ilizidi 40. Tofauti hiyo haikuwa ya aibu, kwa kuwa taarifa ya kwanza ilihesabu miili iliyokwisha kupatikana na haikudai kuwa hesabu ya mwisho. Msomaji anayefuatilia matangazo rasmi ana sababu ya kuitazama idadi kwa namna hiyo: imehesabiwa na nani, saa ngapi, na ni ya waliopatikana au ya waliokosekana.

Kinachoripotiwa kwa uchache kuliko vyote ni kurudi. Kati ya wale wasichana 30 wa Aboke, baadhi walifia utumwani, na wengine walitoroka mmoja mmoja kwa miaka mingi, wengi wao wakiwa na watoto waliozaliwa porini. Wa mwisho kurejea alifika nyumbani mwaka 2009, akiwa amekaa utekwani zaidi ya miaka 12. Watoto wa akina mama kama hao wameripotiwa kukataliwa na koo, kunyimwa ardhi na kuitwa majina ya Kony shuleni. Hizo ni habari za mgogoro ule ule, lakini hazina usiku mmoja wa kuzitajia tarehe, hivyo hukosa nafasi katika ukurasa wa mbele.

Februari 28, 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamuru waathirika wa makosa ya Ongwen walipwe fidia inayozidi euro milioni 52. Majaji walikadiria kwamba wanaostahili ni watu 49,772, wakiwemo watoto waliozaliwa utekwani. Kwa kuwa Ongwen hana mali, Mfuko wa Waathirika wa mahakama hiyo ulitakiwa kutafuta fedha kwa wahisani. Habari hiyo ilitangazwa siku hiyo, na magazeti mengi yalitaja kiasi cha fedha katika kichwa cha habari. Kazi ya kuwatambua watu hao mmoja mmoja, kwa majina yao na ya vijiji vyao, ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.